Kisu Juu ya Jembe

Nyumbani kwangu Iyula kuna visu arobaini na saba, na vitunguu nakatia kisu kilichovunjika mpini, nilichokifunga kwa mpira wa baiskeli. Sisemi uongo wala sitafuti huruma ya mtu. Visu arobaini na sita ni vya mume wangu Hezron, vyote vya kukunja isipokuwa kimoja, vyote vimepakwa mafuta ya cherehani na kuviringishwa vitambaa, na havikati kitu chochote. Cha arobaini na saba ni changu, na ndicho kinachofanya kazi ya nyumba nzima.

Wageni wakisikia kwamba mume wangu anakusanya visu huniangalia kwa jicho la kuuliza kama nalala salama. Nalala salama sana. Hezron Mwashiuya ana miaka sitini na mitatu, mkulima wa kahawa kama wengine wa huku, mrefu, mwembamba, mpole hadi anachosha. Kuku akitaka kuchinjwa hapa nyumbani, yeye hukumbuka ghafla kwamba kuna miche ya kuangalia kule bondeni. Sasa mtu wa namna hiyo avipendee nini visu? Nilimuuliza swali hilo mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nikajibiwa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Sikurudia kuuliza.

Jibu lenyewe, nikilipunguza, ni baba yake. Miaka ile kabla ya uhuru vijana wengi wa huku walivuka kwenda kuchimba shaba ng'ambo, nchi ikiitwa bado Rodesia ya Kaskazini. Walirudi na blanketi, na kofia, na baiskeli aliyejaliwa, na wengi wao walirudi na kisu cha kukunja mfukoni. Kabla ya hapo visu vilitoka kwa wahunzi wa hapa hapa Unyiha, waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe katika tanuri za udongo. Hezron anacho kimoja cha wahunzi hao, ndicho kile kisichokunjika, kina ala ya mbao iliyopasuka. Lakini moyo wake uko kwenye vile vya mfukoni. Husema kisu cha mfukoni ni kisu kilichokubali kutembea na mtu.

Mkwe wangu, mzee Anyitike, alirudi na kisu chenye mabapa mawili, kubwa na dogo, mpini wa pembe nyeusi. Alikinoa kila asubuhi kabla ya chai, miaka yote, hadi bapa kubwa likaliwa katikati. Kwa kisu hicho alimenya muwa wa watoto, alikata tumbaku, alikata kamba za mbuzi. Mwaka 1988 alipokuwa anakata roho alimpa Hezron kisu hicho mkononi, na tangu siku hiyo hakikukata kitu, hata uzi. Hezron hakukinoa pia. Alinieleza siku moja kwamba makali yale ni ya mkono wa baba yake, na akiyanoa yatakuwa ya kwake.

Hivi vingine alivipata kimoja kimoja, na ana sharti lake: hanunui kisu ambacho mwenyewe hana la kusimulia. Saidi, muuza vipuri wa Tunduma, humwekea visu anavyoletewa na madereva wa malori, na kila mara hugombana naye kuhusu sharti hilo, maana Saidi anataka kuuza na mume wangu anataka kusikiliza. Kuna kile chenye pete ya chuma na vinyota vya bati kwenye mpini, aina ambayo ng'ambo kule Nakonde, Zambia, wanaiita okapi. Dereva aliyekiuza alikata nacho mkanda wa kiti akamtoa mwenzake kwenye lori lililopinduka. Kuna cha mwalimu wa kwaya wa Ihanda, aliyekuwa akipigia mapigo ya wimbo kwa mgongo wa kisu kwenye benchi. Kuna cha marehemu mmoja wa Hasamba aliyechora alama ubavuni mwa mpini kila alipozaliwa mtoto. Alama ziko sita, na ya saba ilianzwa haikumalizika. Mjane wake alipokieleza hicho, Hezron alirudi nyumbani hakula.

Jumapili baada ya ibada huvitoa vyote na kuvipanga kwenye mkeka barazani. Akipita mgeni, basi. Mchungaji wetu siku hizi anapita njia ya nyuma, karibu na shule, na simlaumu. Mimi mwenyewe nimevisikia visa hivyo mara nyingi kiasi kwamba akikosea jina la mtu namsahihisha nikiwa jikoni. Lakini niseme ukweli, nimeishi naye miaka thelathini na nne na sijajuta. Wenzangu waliolewa na pombe, mimi niliolewa na visu visivyokata.

Mpaka mwaka jana, siku ya jembe la Ruti.

Ruti ni binti yetu pekee. Kaka zake wawili wako Mbeya, wameoa, wanapiga simu wakiwa na shida. Ruti ni fundi cherehani Tunduma, ana chumba chake cha kazi nyuma ya soko, na hayo mafuta ya cherehani ninayoyasema baba yake humwomba yeye. Huko Tunduma alikutana na kijana anaitwa Deus Sichone, anayeshughulikia karatasi za malori pale mpakani. Kijana wa maneno machache. Alipokuja mara ya kwanza alisikiliza visa kumi na moja vya visu bila kupiga miayo, nikamwambia Ruti huyu usimwache.

Huku kwetu posa huanza na jembe. Wakwe wanaleta jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa kitambaa, wanaliweka mkekani, na mama wa binti akilipokea, mambo yamefunguliwa. Akina Sichone walikuja Jumamosi moja ya mwezi wa sita, watu saba. Alikuwepo baba yake Deus, mzee Yonasi, mtu mzito mwenye sauti ya chini, na shangazi, na wajomba, wakiongozwa na mshenga, mzee Nathanaeli, ambaye pande zote mbili tunasali naye. Waliweka jembe lao katika kitambaa chekundu. Nikalipokea. Wanawake wakapiga vigelegele, na Ruti chumbani nilimsikia akicheka kwa furaha kama mtoto.

Utaratibu ulikuwa baada ya hapo tule. Lakini Hezron akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la harusi yetu, na macho yalikuwa yameshaanza kulowa. Akasema wamelipokea jembe, wamelipokea kwa moyo mweupe, na yeye hawezi kuwaacha wageni waondoke mikono mitupu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kisu cha baba yake.

Mimi nilishika mdomo. Mtu huyu aliwahi kumnunia Saidi mwezi mzima kwa sababu aliuliza tu kisu hicho kinauzwaje. Hakuwa ameniambia neno. Alilifungua bapa kubwa ili wageni waone lilivyoliwa na miaka, akaeleza kwa ufupi, kwa ufupi wake yeye, habari za mzee Anyitike na machimbo ya shaba, kisha akakilaza kisu, kikiwa wazi, juu ya jembe.

Shangazi yake Deus aliinamisha kichwa. Mzee Yonasi alikitazama kisu, akamtazama Hezron, akakitazama tena.

“Mzee Mwashiuya,” alisema, “una uhakika?”

Hezron alidhani anaambiwa zawadi ni kubwa mno. Akatabasamu.

“Nina uhakika kabisa. Nimelifikiria tangu mwezi uliopita.”

Mzee Yonasi akauliza mara ya pili, na ya tatu, na mume wangu akajibu vile vile, kila mara kwa uso mkunjufu zaidi. Basi mzee akachukua kile kitambaa chekundu, akakifunika kisu bila kukigusa kwa kidole, akakichukua. Akasimama, na wote wakasimama. Waliaga kwa adabu wakatoka, na wali, na kuku wanne, na ndizi, na soda, vyote vikabaki vinatutazama. Mzee Nathanaeli aliwafuata mbio mbio akijigonga kwenye kiti.

“Wamezidiwa,” Hezron aliniambia akijifuta machozi. “Umeona, Mama Ruti? Wamezidiwa hata kula wameshindwa.”

Nilimwambia labda. Kisha nikaanza kufunika vyakula.

Jumatatu mzee Nathanaeli alirudi peke yake, akakataa kiti, kisha akakikubali. Alitueleza huku akisugua magoti. Katika ukoo ule, si kabila lote la Wanamwanga, ila ukoo ule wa akina Sichone, jembe hufungua na kisu hufunga. Ndoa ikifa, au binti akirudishwa kwao, watu wa upande wa binti hawaleti maneno, wanaleta kisu kilicho wazi. Kikishawekwa, mambo yamekatwa, na anayekipokea anatakiwa kuuliza mara tatu ili pasiwe na hasira za siku moja. Mume wangu alikuwa ameulizwa mara tatu, mbele ya mashahidi kumi na wawili, na akajibu anacheka. Kwa macho ya akina Sichone, Mwashiuya alipokea jembe lao kwa vigelegele, kisha akawakatia binti yake usoni kwa furaha.

Mimi nilimuuliza mzee Nathanaeli kwa nini hakusema kitu palepale, akajibu kwamba mshenga hufundisha mila za jembe, na tangu awe mshenga hajaona mtu anayeleta kisu kwenye posa. Angefundishaje kitu ambacho hakuna mwenye akili angekifanya? Alisema hivyo kisha akamwomba Hezron radhi kwa neno akili. Kuhusu kuwaeleza akina Sichone, alikuwa ameshajaribu tangu jana. Mzee Yonasi alimjibu kwamba makosa huwa mara moja, si mara tatu.

Ruti hakupokea simu hadi Alhamisi, alipokuja mwenyewe. Alikuwa amekonda kwa siku tano tu. Nilitegemea alie, au agombe, maana kwa hasira amenirithi mimi, lakini alikaa mbele ya baba yake na kuongea taratibu.

“Siku yangu moja tu, baba,” alisema. “Hata hiyo nayo uliifanya siku ya visu.”

Akanywa maji, akarudi Tunduma kwa gari lile lile.

Sijawahi kumwona Hezron vile. Hakujitetea. Alikaa barazani mpaka jua likageuka, kisha akaingia ndani akaanza kuvitia visu vyake ndani ya gunia la kahawa, vitambaa na vyote, bila mpangilio, okapi juu ya cha mwalimu wa kwaya. Aliniambia kesho anavipeleka kwa Saidi, achukue bure, avitupe, avigawe. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nikiomba chumba kile kiwe stoo ya mahindi. Sasa nilikuwa napewa, na nilijikuta natoa visu guniani kimoja kimoja, navirudisha kwenye sanduku, huku nalia.

“Visu havikukosea,” nilimwambia. “Umekosea wewe. Kwanza tushughulikie la mtoto.”

Mzee Nathanaeli alituelekeza kwamba kama kuna mtu wa kulifungua jambo hilo ni mama yake mzee Yonasi, bibi Atuganile. Mwenyewe ni Mndali wa Ileje, aliolewa kwa akina Sichone miaka zaidi ya sitini iliyopita, na anazijua mila za ukoo huo kuliko waliozaliwa nazo. Jumatatu iliyofuata tukapanda pikapu ya jirani, mimi, Hezron, na beberu wetu mweusi tuliyemchukua kwa ajili ya radhi. Safari nzima hadi Tunduma mume wangu aliangalia mbele. Foleni ya malori ilikuwa ndefu siku hiyo, madereva wamekaa kivulini mwa matairi, na mara moja tu nilimwona akigeuza shingo kumwangalia mmoja aliyekuwa akimenya chungwa kwa kisu. Akageuza tena haraka akaangalia mbele.

Nyumba ya akina Sichone iko juu kidogo mlimani, unaona bati za Nakonde ng'ambo. Tulikaribishwa kwenye benchi la uani, si ndani. Maji hatukupewa. Mzee Yonasi alikaa mbali na sisi, na Deus alisimama nyuma yake, macho mekundu, akaniamkia kwa sauti ambayo sikuisikia. Kisha bibi Atuganile akatolewa nje, mdogo, amejifunga shuka mbili, akakaa kwenye kigoda akamwangalia Hezron kuanzia viatu.

Alimwambia aeleze. Mimi nilishika kichwa, nikijua mume wangu akiambiwa aeleze habari za kisu tutakaa hapo mpaka wiki iishe. Lakini alieleza kwa maneno ambayo yangetosha kwenye kiganja. Alisema hakujua. Alisema kosa ni lake peke yake, binti hakujua na mama yake hakujua.

“Kwa nini kisu?” bibi aliuliza. “Ungeweza kutupa ng'ombe.”

“Bibi, ng'ombe ninaye mmoja na ninaweza kumpata mwingine. Sikuwa na kitu kikubwa kuliko hicho.”

Bibi alitafuna midomo. Kisha akamuuliza kisu kile kilikata nini mara ya mwisho. Hezron akamjibu ukweli, kwamba tangu baba yake afariki hakijakata kitu, miaka thelathini na sita. Bibi akageuka kwa mwanawe akamwambia kitu kwa lugha yao, mzee Yonasi akaingia ndani, akarudi na kitambaa chekundu akakiweka chini mbele yetu.

“Hapo ndipo ubaya ulipo,” bibi alisema. “Kisu kilichokuja na njaa kimekuja kukata watu. Hakirudishwi na wala hakisamehewi. Kinalishwa. Mbuzi wako yule. Umchinje wewe, umchune wewe, umkate wewe, kwa kisu hicho na si kingine, mpaka kipande cha mwisho. Asikusaidie mtu. Halafu tule, sisi na ninyi. Ukishindwa katikati, mwende salama.”

Nilimwangalia mume wangu, mtu anayekimbia kuku. Alikuwa ameshavua koti.

Kwanza ilimbidi akinoe. Hilo sikulifikiria, ila yeye alilijua tangu bibi alipotaja njaa, nadhani. Aliomba kinoo, akaletewa jiwe la jikoni, akamwagia maji. Akalifungua bapa kubwa, akalishika muda mrefu, kidole gumba juu ya yale makali ya baba yake. Kisha akaanza kunoa. Kila alipolipitisha jiweni nilikuwa naumia kana kwamba ni ngozi yangu. Hakuna mwingine pale uani aliyejua anachokiondoa.

La kuchinja sitalisimulia. Alifunga macho, lakini mkono haukuyumba, na beberu hakuteseka. Ila kumchuna mbuzi mzima kwa kisu cha urefu wa kidole ni kazi ya kichaa. Mchinjaji mwenye kisu chake anamaliza kabla chai haijapoa. Hezron alianza saa nne, na saa sita alikuwa bado kwenye ngozi ya mgongo. Jasho lilimwingia machoni. Kisu kiliteleza kwa mafuta kikamkata kidole, akakifunga kwa kipande cha shati lake akaendelea. Majirani walianza kuja kuangalia, wakasimama kwenye ua. Wale waliokuja kucheka waliacha baada ya muda.

Alitoa mikono ya mbele, akatoa mbavu. Kwenye nyonga akakwama. Alitafuta kiungo kwa ncha, hakukipata, akasukuma, akalalia kisu kwa uzito wake. Nikasikia mlio mdogo, tak, kama kijiti.

Bapa kubwa lilikuwa limevunjika pale pale katikati palipoliwa.

Nilisimama. Sikujua nimesimama. Hezron alipiga magoti na mpini mkononi, akiangalia kile kipande kilichobaki ndani ya paja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari za msiba. Deus alikuwa ameshatoka jikoni na kisu kikubwa cha nyama, anakuja mbio kumpa. Bibi Atuganile akainua mkono, Deus akasimama. Mzee Yonasi aliangalia pembeni, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hakupenda anachokiona.

Nikawaza imekwisha. Nikawaza jinsi nitakavyomwambia Ruti.

Mume wangu alikichomoa kile kipande taratibu, akakifuta kwenye suruali, akakiweka mfukoni mwa shati. Kisha akakigeuza kisu akaanza kulitafuta lile bapa dogo. Lilikuwa limeshika kutu, halijafunguliwa tangu mzee akiwa hai. Kucha zake hazikuliweza. Akaling'ata kwa meno, akalivuta, likafunguka. Lilikuwa dogo kama jani la mche wa mahindi. Akalinoa kwa jiwe mara chache akarudi kwenye nyonga.

Alikata mpaka jua lilipoanza kuelekea Zambia. Hakuna aliyekaa tena, uani watu wote walikuwa wamesimama, na mzee Yonasi alikuwa amesogea hatua kwa hatua hadi akawa anashika mguu wa mbuzi ili usicheze. Bibi alimwona na hakumkataza. Kipande cha mwisho kilipoingia kwenye sufuria, Hezron hakuweza kuifungua mikono yake, vidole vilikuwa vimekakamaa juu ya mpini. Mzee Yonasi ndiye aliyevifungua, kimoja kimoja, na ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa.

“Mkwe,” alimwambia, “twende ndani.”

Nimempenda Hezron kwa miaka mingi kwa namna ya kawaida, ile ya kumwekea maji ya kuoga na kumgombeza. Jioni ile nilimpenda kwa namna nyingine. Tulikula wote. Nyama ilikuwa imekatwa vibaya vipande vya kila umbo, ngumu, bibi hana meno akawa anafyonza mchuzi na kusema hajawahi kula mbuzi mtamu hivyo. Tukapewa chumba cha kulala ndani ya nyumba, na shangazi yake Deus akanifunga kanga mpya kiunoni kwa mikono yake.

Asubuhi tulirudi kwa basi mpaka Vwawa, tukachukua bodaboda mbili. Nilimuuliza, tulipokuwa bado kwenye basi, kama moyo unamuuma. Alifikiri kidogo akasema unauma, tena sana, lakini si kwa namna aliyokuwa akiiogopa miaka yote.

Tulimkuta Ruti nyumbani. Mzee Nathanaeli alikuwa amempigia simu, lakini hakuthubutu kumwambia lolote, alimwambia tu awahi kwao. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu, ananiangalia mimi kwanza. Akamwona baba yake anavyoshuka kwenye pikipiki kwa shida, akaiona mikono iliyovimba na kidole kilichofungwa, na damu kavu kwenye shati. Hezron akatoa mfukoni ule mpini na kipande cha bapa, akamwonyesha kwenye kiganja.

Ruti alijua ni kisu gani. Amekua anakiona. Alisahau hasira zake zote.

“Baba,” alisema, “kisu cha babu kimevunjikia wapi?”

Hezron alimwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya jembe nikamwona anatabasamu.

“Kwenu,” alimwambia. “Kimevunjikia kwenu, mwanangu, pale uani kwa akina Sichone.”

Ruti alikaa chini kwenye kizingiti akafunika uso kwa mikono miwili. Mimi nilipita juu ya miguu yake nikaenda jikoni kuwasha moto, maana mtu yule alikuwa hajanywa chai.